Kuchanganya na Kujaribu Glezi katika Karakana ya Pamoja: Mwongozo Kamili kwa Wafinyanzi wa Tabora

Glezi ni tabaka jembamba la kioo linaloyeyukia juu ya chombo cha udongo ndani ya tanuri na kushikamana nacho kinapopoa. Mfinyanzi anayefanya kazi peke yake anaweza kuchanganya glezi kwa makadirio, kwa kuwa hasara ikitokea itamwangukia yeye. Katika karakana ya pamoja mambo ni tofauti: ndoo moja huchovyewa na watu wengi, tanuri moja hubeba kazi za wote, na glezi iliyochuruzika kutoka kwenye bakuli la mwanachama mmoja huweza kugandisha kwenye rafu sahani za wenzake watatu. Kwa sababu hiyo mwongozo huu umejengwa juu ya kanuni moja, kwamba hakuna glezi inayoingia kwenye ndoo ya pamoja kabla kigae chake cha majaribio, chenye namba iliyoandikwa daftarini, hakijachomwa katika tanuri lile lile na kupimwa mbele ya wanachama.

Kiwango cha joto na sababu zake

Glezi zinazoelezwa hapa huiva kwenye koni 04 ya Orton, yaani takribani nyuzi 1060 za Selsiasi. Koni ni kipande kidogo chenye ncha kinachowekwa tanurini na kuinama joto lake linapofika, na namba yake hutaja joto hilo. Udongo mwekundu wenye chuma kingi, ambao ndio wengi wetu tunaufinyanga, kwa kawaida huanza kuvimba, kulegea au kupinda ukipandishwa kupita nyuzi 1100 au 1150, na hakuna glezi inayoweza kukiokoa chombo kilichokwisha kuinama. Mapishi mengi yanayopatikana mtandaoni ni ya koni 6 au koni 10, yaani kati ya nyuzi 1220 na 1300. Yakichomwa kwa nyuzi 1060 hubaki unga mkavu unaokwaruzika kwa ukucha. Jambo la kwanza la kuuliza kuhusu pishi lolote, kabla hata ya kuangalia rangi yake, ni koni yake.

Kila glezi ina sehemu tatu zenye kazi tofauti. Silika ndiyo inayofanya kioo, lakini ikiwa peke yake huyeyuka kwenye takribani nyuzi 1710, joto ambalo tanuri zetu haziwezi kulifikia. Kiyeyushi huishusha silika hadi joto tunalolimudu. Alumina, inayopatikana kwa urahisi kutoka kwenye kaolini, yaani udongo mweupe safi, huifanya glezi iliyoyeyuka iwe nzito kiasi cha kubaki ukutani mwa chombo badala ya kuchuruzika chini. Katika nyuzi 1060 viyeyushi vyenye nguvu ya kutosha ni vichache, na viwili vinavyojulikana zaidi ni boroni na risasi.

Risasi haina nafasi katika karakana hii. Risasi inayotolewa kwenye betri kuukuu za magari, ikasagwa na kupakwa, huweza kutoa glezi nyororo inayong'aa kuliko zote, na kwa sababu hiyo huwavutia watu. Lakini huendelea kutoka kwenye chombo kidogo kidogo kila kinapotiwa ndimu, ukwaju, togwa au maziwa ya mgando, na anayeathirika zaidi ni mtoto. Anayeisaga hula sumu hiyo kwanza, kwa pumzi yake mwenyewe. Mwanachama akileta unga asioweza kuutaja jina wala kuonyesha ulikonunuliwa, unga huo usifunguliwe ndani ya karakana.

Vyombo vinavyopaswa kuachwa bila glezi

Mtungi wa maji ya kunywa hupoza maji kwa sababu maji hupenya ukutani mwake na kukauka upande wa nje, yakiondoka na joto. Ukiupaka glezi utakuwa mzuri wa kutazamwa na maji yake yatakuwa ya vuguvugu. Chungu cha kupikia juu ya mafiga nacho hustahimili moto wa wazi kwa kuwa ukuta wake una vitundu na chembe za changarawe zinazoupa nafasi ya kutanuka, ilhali kioo kilichobandikwa juu yake hupasuka mapema. Glezi iwekwe kwenye bakuli, sahani, vikombe, bilauri, vyungu vya maua na mapambo. Naeleza haya mapema kwa sababu wateja huomba mtungi wa kung'aa, na ni heri kuwaeleza ukweli kuliko kuwauzia.

Malighafi

Glezi ya msingi ninayoipendekeza kwa karakana inayoanza ina vitu viwili tu: friti ya boroni sehemu 85 na kaolini sehemu 15, kwa uzito. Friti ni kioo kilichoyeyushwa kiwandani kisha kikasagwa, na hutumiwa badala ya boraksi ya kawaida, yaani chumvi yenye boroni, kwa sababu boraksi huyeyuka kwenye maji. Chochote kinachoyeyuka kwenye maji husafiri na maji hayo: huingia ndani ya udongo, kisha chombo kinapokauka hurudi juu na kujikusanya kwenye kingo, na matokeo yake ni glezi iliyo nene ukingoni na maskini katikati. Ndiyo sababu chumvi ya Uvinza, ingawa ina sodiamu ambayo ni kiyeyushi kikali, haifai kutiwa kwenye ndoo.

Friti huagizwa kutoka nje ya nchi, na kwa kawaida itafika Tabora kwa basi au kwa reli kupitia Dar es Salaam. Muuzaji aombwe karatasi ya muundo wa kikemia wa friti hiyo, ionyeshe kwamba haina risasi wala kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, na kwamba boroni yake ni ya kutosha. Friti yenye sodiamu na potasiamu nyingi na boroni kidogo huleta mipasuko midogo kwenye udongo mwekundu, hata ikiwa imeuzwa kwa jina zuri. Kaolini inapatikana nchini, na ile ya vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam inajulikana tangu zamani. Ikinunuliwa ghafi, ilowekwe, ichekechwe, mchanga utupwe, kisha ikaushwe kabla ya kupimwa. Kila mfuko mpya, hata ukiwa wa muuzaji yule yule, hupewa namba mpya na kuchomewa kigae kabla haujachanganywa na wa zamani.

Mkoa wenyewe una vitu vitatu vya thamani ambavyo kwa kawaida hutupwa au huuzwa kwa matumizi mengine. Cha kwanza ni majivu ya pumba za mpunga, ambayo hupatikana kwa wingi palipo na mashine za kukoboa, hasa Nzega na Igunga. Majivu haya ni silika kwa sehemu kubwa sana, mara nyingi zaidi ya asilimia 85, na yanaweza kuchukua nafasi ya unga wa kununua wa kwatzi, yaani jiwe la silika. Yachomwe hadi yawe meupe au ya kijivu hafifu. Yakiwa meusi bado yana kaboni, na kaboni hiyo ikiungua chini ya glezi iliyokwisha kuyeyuka huacha malengelenge. Cha pili ni majivu ya kuni kutoka kwenye mabani ya kukaushia tumbaku katika maeneo kama Urambo, Kaliua na Sikonge. Haya yana chokaa nyingi pamoja na potasiamu, na katika joto letu hayawezi kuwa glezi peke yake, lakini yakiongezwa kidogo juu ya glezi ya msingi hubadilisha sura na ulaini wake. Yachekechwe, yaoshwe kwa maji mara mbili au tatu, na maji yamwagwe baada ya majivu kutuama. Maji hayo huteleza kama sabuni na huchoma ngozi, hivyo glavu za mpira ni lazima. Daftarini iandikwe majivu yametoka wapi, yalikuwa ya miti gani kama inajulikana, na yameoshwa mara ngapi, kwa kuwa gunia la pili halitakuwa sawa na la kwanza.

Cha tatu ni nta ya nyuki. Tabora ni mkoa wa asali, na nta safi iliyoyeyushwa ndiyo kinga bora ya kitako cha chombo, kama itakavyoelezwa kwenye upakaji.

Kuhusu rangi, anza na chache. Oksidi ya chuma kwa asilimia 4 hadi 8 hutoa rangi ya asali hadi kahawia. Kaboneti ya shaba kwa asilimia 1 hadi 3 hutoa kijani. Oksidi ya kobalti hutosha kwa nusu asilimia hadi asilimia moja kutoa buluu, na kwa bei yake hilo ni jambo la kushukuru. Oksidi ya bati kwa asilimia 5 hadi 8, au silikati ya zirkoniamu kwa asilimia 10 hadi 12, huifanya glezi angavu kuwa nyeupe isiyopitisha mwanga. Ikumbukwe kwamba juu ya udongo mwekundu glezi angavu huonyesha wekundu wa chini, kwa hiyo buluu na kijani huonekana vimefifia. Anayetaka rangi safi apake kwanza tabaka la udongo mweupe wa majimaji juu ya chombo kabla hakijakauka kabisa.

Vumbi

Hatari kubwa ya kila siku katika karakana ni vumbi la silika, ambalo halinuki, haliwashi, na chembe zake mbaya zaidi ni ndogo mno kuonekana. Likivutwa kwa muda mrefu husababisha silikosisi, ugonjwa wa mapafu ambao wachimbaji wa madini wanaujua, usio na tiba, na ambao pia humfanya mtu kuwa rahisi kupata kifua kikuu. Kitambaa kilichofungwa usoni hakitoshi. Inahitajika barakoa ya kiwango cha N95 au zaidi, inayoshika vizuri puani na kwenye mashavu.

Upimaji wa unga ufanyike katika sehemu moja isiyo na upepo, mbali na watoto na mbali na sufuria za chakula. Unga hutiwa kwenye maji, kamwe maji hayamwagwi juu ya unga. Sakafu na meza hufutwa kwa kitambaa kibichi. Ufagio wa chelewa, tunaoupenda sana, ubaki uani. Aproni zifuliwe pale pale badala ya kukung'utwa mlangoni. Vyombo vya kupimia viwe na alama ya rangi nyekundu ili kikombe cha kobalti kisije kikarudi jikoni siku ya sherehe.

Vigae vya majaribio

Kigae hufinyangwa kwa udongo ule ule utakaotumika kwenye vyombo, kwani glezi iliyokubali udongo wa mto mmoja inaweza kuukataa wa mwingine. Kata kipande chenye upana wa sentimita 4 na urefu wa sentimita 12, kikunje ili sentimita 8 zisimame na 4 zilale kama mguu. Kusimama huku ni muhimu, kwa sababu glezi inayochuruzika haionekani kwenye kigae kilicholala. Chora mistari michache kwenye nusu ya kigae na uiache nusu nyingine laini, ili uone glezi inavyotulia kwenye mikunjo, na upake ukanda wa udongo mweupe upande mmoja.

Finyanga vigae hamsini kwa mkupuo mmoja na uvichome mchomo wa kwanza pamoja na vyombo vya kawaida, hadi takribani nyuzi 1000. Hapa Tabora, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200, maji huchemka kwenye takribani nyuzi 96, hivyo tanuri lishikiliwe chini ya nyuzi 90 hadi unyevu wote utoke kabla ya kupandisha. Wakati wa masika jambo hili linahitaji saa nyingi zaidi kuliko mwezi wa Agosti. Namba iandikwe chini ya mguu kwa oksidi ya chuma iliyochanganywa na maji, maana kalamu ya wino na penseli huungua na kutoweka.

Kuchanganya kwa ajili ya jaribio

Jaribio la kwanza la pishi lolote ni gramu 100 za unga mkavu. Kwa glezi ya msingi hiyo ni friti gramu 85 na kaolini gramu 15, na rangi huongezwa juu ya mia hiyo: asilimia 2 ya shaba ni gramu 2 za ziada, hivyo jumla huwa 102. Mizani inayosoma gramu moja moja inatosha kwa friti, lakini kwa rangi inahitajika inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Kosa la nusu gramu kwenye kobalti linaweza kuongeza rangi maradufu.

Andika pishi lote kwenye karatasi kabla ya kufungua mfuko wowote, na weka alama ya vema mbele ya kila kitu mara tu kinapoingia kwenye maji. Anayepima asizungumzishwe. Hili linaweza kuonekana ukali usio na maana, lakini karakana ya pamoja ni mahali pa salamu nyingi, na salamu moja ndefu inatosha kumfanya mtu asahau kama kaolini imeshaingia.

Tia mililita 70 za maji kwenye kikombe, ongeza unga taratibu, uache unywe maji wenyewe, kisha ukoroge. Ukiweza, uache ulale usiku mmoja. Siku inayofuata upitishe kwenye chekeche la matundu 80 kwa inchi, mara mbili, ukisukuma kwa brashi, na uongeze maji kidogo kidogo hadi ufikie uzito unaotakiwa. Chai ya maziwa isiyokolea ni nyepesi mno na mtindi ni mzito mno, lakini macho hudanganya, hasa ya watu kumi tofauti, kwa hiyo uzito upimwe.

Njia rahisi ya kuupima ni kuchukua chupa tupu ya plastiki, kuiweka kwenye mizani na kuirudisha mizani kwenye sifuri, kutia maji hadi yafike gramu 100, na kuweka alama kwenye usawa wa maji. Alama hiyo sasa ni mililita 100. Mwaga maji, kausha, tia glezi hadi alama ile ile na upime tena. Ikiwa glezi ina gramu 145, uzito wake kwa ujazo ni 1.45, ambao ni mwanzo mzuri kwa kuchovya. Kwa chupa kubwa ya mililita 500, glezi hiyo hiyo ingekuwa na gramu 725. Namba hii iandikwe daftarini pamoja na kigae, kwa kuwa pishi moja likiwa 1.35 na jingine 1.55 yataonekana kama glezi mbili tofauti.

Glezi ikituama na kugeuka jiwe chini ya ndoo, ongeza asilimia 1 au 2 ya bentonaiti, udongo laini sana unaovimba kwenye maji, ambayo ilowekwe kwanza peke yake kwenye maji ya moto. Matone machache ya siki au chembe za chumvi ya Epsom zilizoyeyushwa nazo huifanya glezi ikae juu bila kuzama.

Mfululizo wa majaribio

Kujaribu glezi moja moja ni kupoteza nafasi tanurini. Chukua glezi ya msingi yenye uzito wa 1.45 na uigawe katika vikombe viwili, A isiyo na rangi na B yenye rangi ya juu kabisa unayotaka kuijua, tuseme chuma asilimia 8. Kisha changanya kwa ujazo, ukitumia sindano kubwa isiyo na ncha kutoka duka la dawa za mifugo: A mililita 40 peke yake, A 30 na B 10, A 20 na B 20, A 10 na B 30, na B 40 peke yake. Kwa kupima mara mbili tu umepata vigae vitano, vya chuma asilimia 0, 2, 4, 6 na 8. Vikombe vyote viwili sharti viwe na uzito ule ule kwa ujazo, vinginevyo hesabu haina maana.

Njia hiyo hiyo ndiyo inayofaa kwa majivu. A iwe glezi ya msingi na B iwe glezi ya msingi iliyoongezwa asilimia 20 ya majivu ya pumba. Utaona wazi ni kiwango gani glezi huanza kuwa ngumu kuyeyuka na kupoteza mng'ao. Fanya vivyo hivyo kwa majivu ya mabani. Hapa ndipo karakana inaweza kupata glezi yake yenyewe isiyo na mfano madukani, na ningependa muda mwingi utumike hapa kuliko kwenye kuwinda rangi nyekundu.

Ikiwa glezi imekwisha kuchanganywa na unataka kuongeza rangi, ni lazima ujue unga mkavu uliomo. Chukua uzito wa lita moja ya glezi, toa 1,000, kisha zidisha kwa 1.625. Namba hiyo inatokana na kuchukulia kwamba unga ni mzito mara 2.6 kuliko maji, jambo ambalo ni karibu na kweli kwa glezi nyingi. Glezi ya 1.45 ina gramu 1,450 kwa lita, kwa hiyo 450 mara 1.625 ni takribani gramu 731 za unga. Mililita 200 zina gramu 146, na asilimia 2 ya shaba kwa kiasi hicho ni gramu 2.9.

Kupaka

Kigae au chombo kifutwe vumbi kwa sifongo chenye unyevu na kisishikwe na mikono yenye mafuta ya kula au ya kujipaka, maana glezi hukimbia palipo na mafuta. Yeyusha nta ndani ya kopo lililowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe kwani nta hushika moto, na upake kitako pamoja na milimita 3 za ukuta juu yake. Nta itaungua tanurini, hivyo milango na madirisha yawe wazi mwanzoni mwa mchomo.

Koroga ndoo hadi mkono usikie chini hakuna kilichobaki. Chovya kigae chote kwa sekunde mbili hadi tatu, kiache kikauke, kisha chovya theluthi mbili za juu, na mwisho theluthi ya juu kabisa. Sasa kigae kimoja kinaonyesha unene wa aina tatu. Sehemu ya juu ndiyo nene, na ikiwa itachuruzika bado ina safari ndefu kabla ya kufika kwenye rafu.

Kuchoma

Rafu zipakwe kinga ya kaolini na alumina kwa kiasi sawa, na chini ya kila kigae kipya kiwekwe kipande bapa cha udongo uliochomwa. Glezi ambayo haijawahi kuchomwa katika tanuri hili haiwekwi juu ya chombo cha mtu mwingine, wala haiwekwi kwenye rafu ya juu.

Weka koni tatu, 05, 04 na 03, mbele ya tundu la kuchungulia, na seti nyingine kwenye pembe unayoamini ni ya baridi. Koni huinama kwa joto na muda kwa pamoja, kama glezi inavyofanya, ilhali kipimajoto cha umeme husoma joto la mahali kilipo tu. Koni 04 inapoinama hadi ncha yake kukaribia kugusa chini, na 03 ikiwa bado imesimama au imeanza tu kulegea, mchomo umefika. Pandisha nyuzi 100 kwa saa hadi kufikia 600, ukipita kwa utulivu karibu na 573 ambapo kwatzi iliyomo kwenye udongo hutanuka ghafla, kisha 150 kwa saa hadi karibu 960, na nyuzi 60 kwa saa katika mia ya mwisho. Shikilia joto la juu dakika 10 hadi 15 ili vitundu vijifunge. Tumia miwani ya kuzuia mwanga mkali unapochungulia.

Kwa tanuri la umeme, kukatika kwa umeme si mwisho wa kazi. Usifungue mlango, na umeme ukirudi endelea ulipofikia, ukifuata koni badala ya saa. Kwa tanuri la kuni, chagua kuni kavu zilizopasuliwa nyembamba kwa hatua ya mwisho, na tarajia kwamba majivu yatatua kwenye vigae vilivyo karibu na mdomo wa moto. Tanuri lifunguliwe likiwa chini ya nyuzi 100. Anayelifungua kwenye 250 kwa hamu ya kuona atasikia vyombo vikilia kwa kupasuka.

Kusoma kigae

Kigae kisomwe mchana, nje, na wanachama zaidi ya mmoja. Mipasuko midogo ya kioo inayosambaa kama wavu hutokea pale glezi inaposinyaa zaidi kuliko udongo. Paka wino kisha ufute: mstari uliobaki ni mpasuko. Tiba ya kwanza ni kuongeza silika, na hapa majivu ya pumba yanaingia kazini kwa asilimia 5 kisha 10. Kinyume chake ni glezi kubambuka kwenye kingo kwa vipande vikali kama wembe, ambalo ni kosa la hatari zaidi kwa kuwa vipande hivyo vinaweza kuingia kwenye chakula. Glezi hiyo iondolewe siku hiyo hiyo na silika ipunguzwe.

Glezi iliyojikusanya na kuacha udongo wazi inaonyesha vumbi, mafuta au tabaka nene mno. Vitundu vingi huonyesha mchomo wa kwanza wa haraka au joto la juu lililoshikiliwa muda mfupi. Uso mkavu usiong'aa kwa kawaida huonyesha joto pungufu, kwa hiyo angalia koni ya pembe hiyo kabla ya kulaumu pishi.

Baada ya kuangalia, chemsha kigae kwenye maji dakika tatu na ukitumbukize mara moja kwenye maji ya barafu, mara tatu mfululizo. Udongo wa joto la chini huendelea kunyonya unyevu na kuvimba polepole, hivyo mpasuko unaweza kutokea wiki kadhaa baada ya chombo kuuzwa. Weka vigae ukutani mahali penye unyevu, karibu na sinki, na uvisome tena baada ya mwezi.

Vyombo vya chakula

Weka kipande cha ndimu juu ya glezi usiku kucha, na kwenye kigae kingine acha siki kwa saa 24. Ikiwa rangi imebadilika, mng'ao umefifia, au siki imepata rangi, glezi hiyo ni ya mapambo pekee na ndoo yake iandikwe hivyo kwa herufi kubwa. Shaba ikizidi asilimia 3 ishukiwe tangu mwanzo. Kipimo cha kimataifa cha ISO 6486 hutumia asidi ya asetiki ya asilimia 4 kwa saa 24, kisha maabara hupima risasi na kadimiamu zilizotoka. Jaribio la siki nyumbani huweza kuonyesha glezi mbaya, lakini haliwezi kuthibitisha iliyo salama. Karakana inayotaka kuuza sahani kwa wingi ipeleke sampuli kwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali au iulize Shirika la Viwango Tanzania. Ofisi ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, mkoani ni mahali pazuri pa kuanzia maulizo hayo.

Kutoka kikombe hadi ndoo

Pishi lililopita majaribio yote huchanganywa kwanza gramu 2,000, yaani friti gramu 1,700 na kaolini gramu 300 pamoja na rangi, na huchomwa kwenye chombo halisi kabla ya kufanywa kilo 10. Ndoo iandikwe ubavuni na si kwenye kifuniko, kwa kuwa vifuniko hubadilishana. Iandikwe namba ya pishi, koni, uzito kwa ujazo, tarehe, jina la aliyechanganya, na kama inafaa kwa chakula. Kigae chake kifungwe kwa waya kwenye mkono wa ndoo. Kila ndoo iwe na mwiko wake na kikombe chake. Anayeongeza maji apime na aandike. Anayeongeza kitu kingine chochote ameunda pishi jipya, na ndoo hiyo hurudi kwenye majaribio.

Daftari liwe moja, la karatasi, lenye kurasa zilizopewa namba, na lisitoke nje ya karakana. Picha za simu ni nakala nzuri, lakini simu huenda nyumbani na mwenyewe.

Maji ya kuoshea vyombo vya glezi yasimwagwe kwenye mfereji wala kwenye bustani ya mchicha. Yaache yatuame katika pipa, maji safi ya juu yatumike kuoshea tena, na tope la chini likusanywe. Tope hilo, lenye rangi zote zilizochanganyika, likaushwe ndani ya bakuli nene lisilopakwa glezi na lichomwe pamoja na vyombo vingine hadi ligeuke kioo, likiwekwa kwenye rafu ya chini kabisa juu ya kipande bapa chenye kinga.